Yai Kabla ya Sindano

Mimi nina ulimi mkali, na silikatai hilo. Mamangu kule Tiwi alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikibishana na mkunga. Nimebishana na makondakta, na walimu, na mafundi bomba, na mwaka huu nilibishana na mavyaa wangu, mamake mume wangu, kwa ajili ya yai moja la kuku. Hilo la yai ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu ndilo pekee ambalo hata leo sijui nililishinda au lilinishinda.

Mume wangu ni mwoka mikate kwenye meli ya watalii. Kazi aliipatia Diani, katika jiko la hoteli, kisha akapata mkataba wa melini, akaondoka mimba yangu ya pili ikiwa changa. Alikuwa arudi kabla sijajifungua. Mkataba ukaongezwa. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akafanyiwa akika, akaota meno, akaanza kutambaa na kula mchanga wa uani, na babake hajamtia mkononi hata siku moja. Alikuwa akimwona kwenye simu tu, tena mtandao ukitaka.

Basi siku moja akapiga simu kwa furaha. Meli yao ingefika Mombasa, ichukue watalii, izunguke Unguja, Bukini na Shelisheli, halafu irudi Mombasa. Na wenye kampuni wameruhusu wafanyakazi wachukue wake na watoto kwa safari hiyo moja. Baada ya hapo meli ingekwenda bahari za Ulaya, na yeye asingeonekana tena nyumbani mpaka mwaka mwingine.

"Njooni," aliniambia. "Njooni wote. Nataka nimbebe mwanangu kabla hajajifunza kunikimbia."

Nililia, nikacheka, nikamwita binti yetu wa miaka mitano aje amsalimie babake, naye akauliza kama melini kuna chipsi. Halafu mume wangu, kama kawaida yake ya kuacha habari ngumu mwisho, akasema kwamba kuna sharti. Kila anayepanda kutoka kwetu lazima awe amedungwa sindano ya homa ya manjano, na awe amedungwa mapema, si siku ya kupanda. Asiye na kadi ya chanjo hapandi, awe mkubwa au awe mtoto mchanga. Mtoto akishapita miezi tisa anaweza kudungwa, na wetu alikuwa na miezi kumi.

Sasa niseme ukweli kuhusu sindano. Zile za kliniki ya watoto sikuwahi kuzifikiria mara mbili. Polio, surua, zote mwanangu alizipata hapa Msambweni, mimi nimekaa kwenye benchi na wanawake wenzangu, tunapiga soga, mtoto analia kidogo, ananyonya, tunarudi nyumbani. Hata mavyaa hakuwa na neno. Ndiye aliyekuwa akinikumbusha siku ikifika, na nikichelewa alinisimamia mlangoni na leso mkononi. Lakini hii nyingine ilikuwa sindano ya kwenda kuomba mwenyewe. Hakuna aliyeniita. Tena ilikuwa ya safari, na safari ni starehe, na mwanangu alikuwa na ngozi yenye matatizo tangu azaliwe. Ukurutu ulikuwa umemshika mashavuni na kwenye mikunjo ya viwiko, na kila nilipobadilisha sabuni alivimba kama aliyeumwa na nyuki. Mtoto akipata madhara kwa sindano ya lazima, mama atajipoza kwa kusema ni kudura. Akipata madhara kwa sababu mamake alitamani kupanda meli, atasema nini? Hilo ndilo lililokuwa likinizunguka kichwani nikiwa kwenye cherehani yangu, mpaka nikamshonea mwanafunzi mmoja suruali yenye mguu mmoja mrefu.

Niliuliza watu. Kosa. Jirani mmoja alisema nimwache mtoto nyumbani niende na dada yake, kana kwamba maziwa yangu nitamwachia kwenye msumari. Mwingine akasema kuna watu wanaouza kadi bila sindano. Huyo nilimjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Simu nayo ukiiuliza inakwambia kila kitu na kinyume chake. Nikampigia mume wangu nikamuuliza yeye anaonaje, akajibu, "Wewe ndiwe uliye naye, fanya uonavyo." Lo! Nilimwambia hayo ni maneno matamu ya mtu aliye mbali. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kama ni hatari basi tuache, atasubiri. Hapo nilimhurumia. Mtu anayeamka alfajiri kuwaokea mikate watoto wa watu wengine, na wake hajui hata ana uzito gani.

Nikaamua kwenda kuuliza panapostahili. Tulikwenda Ukunda, kwenye kliniki moja inayodunga wasafiri, mimi, watoto wawili na mavyaa, ambaye hakualikwa lakini tulimkuta amekwisha kuvaa buibui anatusubiri. Nesi alikuwa msichana wa bara, Kiswahili chake cha mkato, lakini alimwamkia mavyaa shikamoo kabla ya kutuamkia sisi, na mavyaa akampenda papo hapo. Alimkagua binti yangu, akasema hana tatizo. Akamgeukia mdogo.

"Ana aleji yoyote? Mayai je, yanamdhuru?"

"Hayamdhuru," nikasema.

"Hajawahi kuvimba midomo? Kutapika? Kutoka vipele?"

"Kwa mayai? Hata mara moja," nikajibu kwa fahari, maana katika maswali yote ya ngozi ya mwanangu hilo ndilo la kwanza nililokuwa na jibu zuri.

Mavyaa naye akaona aniunge mkono. "Atadhurika vipi, binti yangu, na kitu asichokijua? Mtoto wa miezi kumi na yai wapi na wapi!"

Nesi akaweka kalamu chini. "Kwani hajawahi kula yai?"

Tukatazamana. Wallahi, lile halikuwa limenipitia akilini. Kwetu mtoto halishwi yai mpaka aseme. Si nyumba yetu tu, ni nyumba nyingi za huku. Wanasema yai linamfunga mtoto ulimi, kwa hivyo unangoja mpaka atamke maneno yanayoeleweka, ndipo anapewa. Binti yangu alipewa la kwake siku aliyomwambia nyanyake "nipe na mimi", na tangu siku hiyo hajanyamaza. Kwa hivyo ilikuwa kweli tupu kwamba yai halijamdhuru mwanangu. Hata simba hajamdhuru.

Nesi hakucheka, ingawa niliona alitaka. Alitueleza taratibu. Chanjo hii hukuzwa kwenye mayai ya kuku, na mtoto ambaye yai linamletea madhara makubwa hadungwi hivi hivi tu. Mtoto mwenye ngozi kama hii yetu ndiye hasa wa kuangaliwa. Alimwita daktari, daktari akamgeuza mtoto huku na huku, akasema ukurutu wake si mkali wa kutisha. Twende nyumbani tukachemshe yai mpaka liive kabisa. Asubuhi, mtoto akiwa mzima, tumpe kipande cha ncha ya kidole, tusubiri. Kesho yake kikubwa kidogo, na kesho kutwa kikubwa zaidi. Akivimba, akitoka vipele mwilini, akitapika au akikoroma kifua, tumkimbize hospitali bila kungoja.

"Mnakaa karibu na hospitali?"

"Msambweni," nikasema. "Nikisimama mlangoni mwangu naliona lango la hospitali."

"Sawa. Akila akawa mzima, mrudi tumdunge."

Binti yangu alidungwa siku hiyohiyo, akapiga kelele za kuwatoa watu nje. Mimi nilirudi nyumbani nimepumua. Niliona kazi imekuwa nyepesi: hakuna daktari bingwa, hakuna vipimo, yai moja tu.  Tulipofika mavyaa aliketi barazani, akavua viatu, akasema:

"Mjukuu wangu hali yai. Labda nife kwanza."

Nilidhani ni mzaha. Mavyaa ni mtu wa mizaha. Mtoto huyu humwita mume wake, na dada yake humwita mke mwenzake, na wanagombana kweli juu ya huyo mume. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tukaanza. Nikamwambia, Mama, hayo ni mambo ya zamani. Akasema zamani ndiko alikotoka mume wangu. Nikamwambia watu chungu nzima kule Ukunda wanawapa watoto mayai, na watoto wanasema mpaka wanachosha. Akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamwambia msala wenyewe ndio unaopita, Mama, na mwanao yuko juu yake, na ukipita huu haurudi mpaka mwaka mwingine! Hapo alinitazama kwa namna ambayo iliniuma, akaingia ndani. Chakula cha mchana tulikula kila mtu kwa upande wake.

Nieleze kwamba mavyaa si mwanamke mkaidi. Nilipoolewa nikaja hapa, ndiye aliyenifundisha kukaa na mwanawe. Nilipojifungua, ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arubaini akiwa na magoti yake mabovu. Ndiyo maana hasira yangu ilikuwa kubwa. Nilijiuliza mtu mwenye akili kama huyu amepatwa na nini. Na kila mume wangu alipopiga simu kuuliza tumefika wapi, nilimwambia bado tunaangalia ngozi, kwa sababu nilijua nikimwambia ni mamake, atasema nimwache mama. Siku zikawa zinakwenda. Sindano ilitaka kutangulia safari, na yai lilitaka kuitangulia sindano.

Siku moja asubuhi mavyaa akaenda kwenye hitima, nyumba ya pili ya mtaa. Alipopotea tu pembeni nikatia yai kwenye sufuria. Nakumbuka lilivyokuwa likigonga ubavu wa sufuria na mimi nikitazama mlango, mwizi katika jiko langu mwenyewe. Nilijiambia ni haki yangu, mtoto nimemzaa mimi, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikalimenya. Nikakata kipande. Nikamketisha mwanangu kwenye jamvi na leso kifuani.

Mkono haukwenda. Sijui kwa nini. Siamini habari za yai kufunga ulimi, siamini hata chembe, lakini nilipokisogeza kipande kile karibu na mdomo wake, niliwaza: na kama kweli? Mtu unaweza kutoamini jambo mchana kutwa, mpaka siku utakaposhika wewe kijiko.

Ndipo mavyaa aliporudi kuchukua miwani yake. Na binti yangu, mzungumzaji wetu, akamlaki mlangoni: "Nyanya! Mama anampa mtoto yai!"

Nilingoja matusi. Nilikuwa tayari hata na majibu yake. Mavyaa alisimama pale kizingitini akiangalia sahani, kisha akaja, akajishusha kwenye jamvi kwa shida, magoti yakilia, akamwambia binti yangu aende akacheze nje.

"Wewe unamjua shemeji yako," akasema.

Namjua. Ni mtoto wake wa kwanza, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni seremala, ana karakana hapa barabarani, vitanda vya nusu ya mtaa huu amevitengeneza yeye. Ni kiziwi na hasemi. Mtaa mzima wanamwita Bubu, na yeye huitika akipungiwa mkono. Nilikuwa nikidhani alizaliwa hivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo, na mimi, pamoja na ulimi wangu wote, sikuwahi kuuliza.

"Hakuzaliwa hivyo," mavyaa akasema. "Alikuwa akisikia. Nikimwita alikuwa akigeuka."

Wakati huo walikuwa wakikaa bara huko, upande wa Kinango, kwa wakwe zake. Ilikuwa mwaka wa ukame. Mbuzi walikuwa wamekufa, mahindi yamekauka, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekatika kwa njaa. Mtoto alikuwa amefikisha mwaka, anaanza kutamka baba, tata, vitu kama hivyo. Kulikuwa na kuku mmoja amebaki. Siku hiyo kuku akataga, na mtoto alikuwa akilia tangu asubuhi, na ndani hamkuwa na kitu chochote cha kumpa. Akamchemshia lile yai akamlisha lote. Mtoto akashiba, akalala.

"Nilifurahi," mavyaa akasema. "Nikamtazama amelala, nikafurahi."

Haukupita muda mrefu mtoto akaugua. Akachomwa na homa, akatoka vipele mwili mzima, macho yakafunga. Walidhani atakufa. Hakufa. Lakini alipoinuka, ukimwita hageuki. Ukipiga sufuria nyuma yake hashtuki. Yale maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yakapotea. Wanawake wa pale wakaulizana, mtoto huyu alikula nini? Na mmoja alikuwa amemwona na yai.

"Mavyaa wangu alinisema mbele ya watu kwamba nimemfunga mjukuu wake ulimi kwa ulafi," akasema. "Sikumjibu. Ningejibu nini? Yai si nilimpa?"

Mimi niliyejigamba kwamba sikosi neno, nilikaa pale na kile kipande cha yai mkononi, nikakosa. Nilitaka kumwambia haikuwa yai, lakini ningejua wapi? Mimi ni fundi cherehani. Nilichoweza kusema ni, "Basi tuache, Mama. Tuache safari. Nitampigia simu nimwambie mtoto hawezi kudungwa."

Na nilimaanisha. Kama mtu amebeba jambo kama hilo umri wake wote, mimi ni nani wa kumwambia alitue kwa sababu ya meli?

Mavyaa alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa amechoka kungoja na sasa anatafuna pindo la leso. Akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Mama?"

"Nipe hilo yai. Mwanangu anataka kumwona mtoto wake, na mimi ndiye ninayemzuilia. Haiwezekani. Lakini wewe usimlishe. Nitamlisha mimi."

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu likija la kuja," akasema, "waseme ni mimi tena. Mimi nimezoea. Wewe bado mdogo, usilianze hilo."

Sikuwahi kulia mbele ya mavyaa, hata siku ya kujifungua. Siku hiyo nililia, na yeye akaniambia nifute kamasi nimletee maji. Akakimega kile kipande mpaka kikawa ncha ya kidole kweli, akasema bismillahi, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto akakunja uso, akakitafuna kwa meno yake mawili, akakimeza, akafungua mdomo apewe kingine.

Hitima ilimpita. Tulikaa naye kwenye jamvi sote wawili hatuondoki, tunamtazama mtoto kama tunaotazama maziwa motoni. Kuna wakati shavu lake lilipata wekundu, nikaruka nikatafuta viatu na buibui nikimbie hospitali, na mavyaa akanivuta mkono. Alimfunua tumbo, mgongo, akamwinamia kifua akasikiliza pumzi. Hakukuwa na kipele wala uvimbe. Alikuwa amejisugua kwenye jamvi tu. Wekundu ukaisha, mtoto akalala. Kesho yake mavyaa akampa kikubwa zaidi, na siku iliyofuata zaidi, kila mara yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na kila mara baada ya hapo alikuwa akimwita jina mtoto huyo kutoka kila pembe ya nyumba ili aone kama atageuka. Aligeuka. Aligeuka mpaka akachoka akawa anageuka kwa hasira.

Tukarudi Ukunda. Nesi alifurahi kusikia, akauliza ni nani aliyemlisha. Mavyaa akasema, "Mimi." Mtoto akadungwa pajani, akalia kidogo, akaninyonya, akasahau. Mimi nikadungwa yangu begani. Tukaambiwa tukae tusubiri, waone kama ana neno. Nikawa natazama ile kadi yake, nikimfikiria babake, jinsi nitakavyompigia simu jioni na kumwambia sasa hakuna kinachotuzuia. Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mavyaa akamwita nesi kwa mkono.

"Binti yangu, kuuliza si ujinga. Yai linaweza kumfunga mtoto ulimi?"

"Hapana, Mama."

"Hata mtoto mchanga?"

"Hata mchanga. Wanasema hivyo hata kwetu, lakini hapana."

Mavyaa akatikisa kichwa. Nilidhani ataishia hapo. Lakini akamweleza, kwa maneno machache, si kama alivyonieleza mimi. Mtoto, homa, vipele vya mwili mzima, macho mekundu yaliyofunga, kisha masikio. Yai hakulitaja. Nesi alikaa kwenye benchi kando yake.

"Macho yalikuwa mekundu kabla ya vipele? Na mafua, na kikohozi?"

"Ndiyo."

"Hiyo inaonekana ilikuwa surua, Mama. Surua inaweza kuharibu masikio ya mtoto. Na mtoto akiacha kusikia akiwa mdogo hivyo, na maneno yanakwisha."

"Surua," mavyaa akasema. Akamwangalia mjukuu wake, aliyedungwa sindano ya surua hapa kwetu akiwa na miezi tisa, yeye mwenyewe akiwa amenisimamia mlangoni. "Na wakati ule, sindano yake ilikuwapo?"

Nesi alinitazama mimi. Nilitamani aseme hapana.

"Ilikuwapo," akasema. "Lakini haikuwa imefika kila mahali, Mama."

"Kwetu haikufika," mavyaa akasema. "Kweli, haikufika."

Hakulia. Alikaa amenyooka, mikono magotini, mpaka tukaambiwa tunaweza kwenda. Nje alitembea mbele yangu, haraka kuliko magoti yake yanavyomruhusu. Tulipofika Msambweni alimwambia wa tuktuk asituteremshe nyumbani, atuteremshe kwenye karakana ya mwanawe.

Shemeji alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda. Alipotuona akaacha kazi, akapangusa kigoda kwa fulana yake ili mamake akae. Hakukaa. Alimshika mikono yote miwili, ile mikono yenye vumbi la mbao, kisha akaiachia akaanza kusema naye kwa ishara zao za nyumbani ambazo mimi nazifahamu nusunusu. Alionyesha umbo la yai. Alionyesha mtoto mdogo, akamwonyesha yeye. Akaonyesha mdomo, akaonyesha sikio. Akajionyesha yeye mwenyewe kifuani, akapunga mkono: hapana, hapana, si mimi. Alirudia mara kadhaa, machozi sasa yakimtoka bila yeye kuyafuta.

Shemeji alimtazama kwa makini sana, kama mtu anayetaka kuelewa kazi aliyoagizwa. Akanigeukia, akanyanyua mabega, akaniuliza kwa macho. Ndipo na mimi nilipotambua. Habari ya yai ilikuwa imesemwa Kinango nzima, ikawafuata mpaka huku pwani, ikasemwa visimani na arusini miaka yote hiyo. Na katika watu wote hao, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuisikia.

Alimfuta mamake machozi kwa kiganja, akamwachia unga wa mbao shavuni, akamketisha kwenye kigoda, akarudi kwenye randa yake huku akimtupia jicho mara kwa mara.

"Kumbe hana habari," mavyaa akaniambia. "Na mimi siku zote hizi nilidhani amenisamehe."